Ziada ya uraia ni nini?

Kinyozi wa Bukavu, Kongo, na kinyozi wa Stockholm, Sweden, wanafanya kazi ileile: mashine, wembe, taulo, kichwa kimoja baada ya kingine. Huenda wa Bukavu ana mkono mwepesi zaidi na hufunga kibanda usiku. Hata hivyo, anachoingiza mwenzake kwa siku, yeye atakisaka kwa wiki nyingi. Pengo hilo, lisilotokana na ujuzi wala bidii bali na nchi mtu anayoishi, ndilo linaloitwa ziada ya uraia.

Aliyelipima kwa kina ni Branko Milanovic, mchumi mwenye asili ya Yugoslavia aliyefanya utafiti Benki ya Dunia kwa miaka mingi. Alikusanya takwimu za kipato cha kaya za nchi zaidi ya 100, nyingi za mwaka 2008 au karibu na hapo, akazirekebisha kwa tofauti za bei, maana dola moja haina nguvu sawa Kinshasa na Chicago. Kisha akaichukua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyokuwa mkiani kwa kipato, iwe ndiyo msingi wa kulinganisha. Kwa wastani, kuishi Yemen kulimpa mtu ziada ya asilimia 300 juu ya kipato cha Kongo, Brazil asilimia 1,300, Sweden 7,100 na Marekani 9,200. Asilimia 9,200 maana yake ni kipato mara 93.

Wastani huo nao unaficha jambo. Maskini wa Sweden analindwa na serikali, kwa hiyo ziada yake akilinganishwa na maskini wa Kongo ni kubwa kuliko ya tajiri wa Sweden akilinganishwa na tajiri wa Kongo. Brazil ni kinyume: mwenye nacho ndiye anayefaidi zaidi, kwa sababu mgawanyo wa ndani umeelemea juu. Ndiyo maana Milanovic anaangalia mambo mawili pamoja, nchi ya mtu na namna kipato kinavyogawanywa humo. Hayo mawili, alionyesha, yanaeleza zaidi ya nusu ya tofauti za kipato duniani. Na kwa kuwa zaidi ya asilimia 96 ya watu wanaishi nchi walikozaliwa, sehemu kubwa ya riziki ya mtu imeshaamuliwa kabla hajajifunza kutembea. Naona ni vigumu, baada ya hapo, kumwambia kijana wa Kivu kwamba tatizo lake ni uvivu.

Haikuwa hivi siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 19 tabaka lilikuwa na uzito zaidi: kibarua wa Uingereza na mkulima wa India wote walikuwa hohehahe. Viwanda vilipoziinua nchi chache na nyingine zikatawaliwa kikoloni, mahali pakawa na uzito kuliko tabaka. Ukuaji wa China tangu mageuzi ya 1978 umelipunguza pengo hilo kwa mamia ya mamilioni ya watu, na hiyo ndiyo njia kubwa zaidi ya kulipunguza iliyowahi kuonekana.

Njia nyingine ni watu kuhama, na hapa Milanovic ana pendekezo zito: nchi tajiri zipokee wahamiaji wengi zaidi, lakini kwa haki pungufu kuliko za raia, kwa mfano kukaa kwa muda au kulipa kodi ya juu. Mfano mmojawapo anaoutaja ni nchi za Ghuba. Hesabu yake naielewa: dada wa Mombasa au Kampala anayefanya kazi za ndani Riyadh hutuma nyumbani fedha zinazosomesha wadogo zake. Lakini chini ya mfumo wa kafala, yaani udhamini wa mwajiri, kibali cha mfanyakazi wa kigeni hufungwa kwa mwajiri mmoja, na wengi wamenyang'anywa pasipoti siku ya kwanza. Kodi ya juu inaweza kujadiliwa. Haki ya kumwacha mwajiri katili na kukaa na pasipoti yako mwenyewe haipaswi kuwa miongoni mwa zinazopunguzwa.