Haiku si kila shairi fupi

Siku hizi ukiikata sentensi vipande vitatu na kuitia umande au kipepeo, utaambiwa umetunga haiku. Fasili ya haraka: ni shairi la Kijapani la mizani 17, yaani 5, 7 na 5. Tatizo ni kwamba wengi huishia kwenye hesabu.

Matsuo Bashō (1644–1694), anayetajwa kila haiku inapotajwa, alitunga hokku: ubeti wa kufungulia utungo wa kupokezana. Mmoja anatoa 5-7-5, mwenzake anajibu 7-7, wanaendelea hivyo, mara nyingi hadi beti 36. Aghalabu mgeni ndiye aliyefungua, na ilimlazimu ataje majira waliyokutania kwa neno linalojulikana: chura ni wa majira ya kuchipua, mbalamwezi ni ya majira majani yanapopukutika. Kwa hiyo maumbile katika tungo zake yalikuwa kanuni kwanza. Mapenzi ya maumbile nayo alikuwa nayo tele. Hata jina lake la kishairi, Bashō, maana yake mgomba, nao ni ule aliopewa na mwanafunzi wake ukapandwa kando ya kibanda chake Edo, Tokyo ya leo. Ni miaka mingi baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, ndipo mshairi Masaoka Shiki alipoutenga ubeti huo usimame peke yake na kuueneza kwa jina la haiku.

Tazama utungo wa Bashō wa 1686:

furuike ya
kawazu tobikomu
mizu no oto

Bwawa kuukuu, chura anajitosa, sauti ya maji. Hiyo «ya» ya mwanzo ni neno la kukata. Halina tafsiri, kazi yake ni kumsimamisha msomaji bwawani kabla chura hajaruka. Liondoe, ubaki na taarifa tu kwamba chura ameingia majini. Hapo ndipo haiku nyingi za Kiswahili zinapoanguka: mishororo mitatu, wazo moja lililonyooka, hakuna mkato.

Hata hesabu yenyewe ina mitego. Irabu ndefu ni mizani mbili, hivyo Bashō ni tatu: ba-sho-o. «N» ya kufunga silabi huhesabiwa peke yake, kama tunavyoihesabu «m» ya mtu.

Na kama mizani zako 17 hazina majira, zinamcheka bosi au mkwe, hujakosea kitu. Wajapani wana jina lake: senryū. Liite hivyo.