Nondo wa kipupwe ni mdudu gani?

Ukitaja nondo pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, wa kwanza kukujibu atakupa bei ya chuma cha ujenzi cha milimita 12. Mwanachuo atadhani unasema shahada, mbishi wa kijiweni atadhani unasema hoja nzito, na mwenyeji wa Mbeya wa miaka mingi atawakumbuka wapiga nondo, wale wahalifu waliovamia watu kwa vyuma, jambo lisilochekesha hata kidogo. Hapa namsema yule wa mabawa yenye unga, anayetajwa kanisani pamoja na kutu.

Nondo ni ndugu wa kipepeo, na ukoo wake ndio mkubwa: aina za nondo zilizokwisha kutambuliwa ni kama 160,000, wakati za vipepeo hazifiki 20,000. Wengi huwatofautisha kwa saa, kwamba wa mchana ni kipepeo na wa usiku ni nondo. Kipimo hicho hudanganya, kwa kuwa wapo nondo wanaoruka juani. Tazama vipapasio. Vya kipepeo vina kirungu kidogo nchani. Vya nondo ni kama uzi, au vimechanua kama unyoya.

Sasa kipupwe. Juni hadi Agosti, usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na kuna asubuhi majani ya Kitulo huamka yamevaa jalidi. Mdudu hana moto wa mwilini kama wetu, na nondo mnene hawezi kupaa mpaka misuli ya kifua chake ipate joto la kutosha, mara nyingi nyuzi 30 na zaidi. Anachofanya ni kutetemeka. Mwangalie ukutani, chini ya taa ya barazani: mabawa yanatikisika upesi upesi bila kumpeleka popote. Watoto hudhani anakufa. Kumbe anapasha injini, na manyoya ya kifuani ndiyo sweta lake.

Kwa hiyo “nondo wa kipupwe” kwetu si jina la aina moja. Ni yeyote anayeruka wiki hizo, na huonekana zaidi Agosti inapoishia, baridi ikianza kulegea. Ulaya mambo ni mengine. Kule wapo nondo ambao msimu wao hasa ndio baridi, na dume huruka hata hewa ikikaribia kuganda, kwa sababu mwili wake ni mwepesi na mabawa ni mapana. Jike lake halina mabawa ya maana. Hutambaa kupanda shina, ndiyo maana wenye mitufaa hufunga utepe wa gundi kwenye miti yao. Wetu wengi hawashindani na baridi. Wanaingoja ipite, wakiwa mabundo (hatua ya kati ya kiwavi na nondo) udongoni, au viwavi waliolala. Pasua bua kavu la mahindi mwezi wa nane, huenda ukamkuta funza wa mabua ametulia ndani, anasubiri mvua ndipo awe nondo.

Ninayempenda mimi ni yule mkubwa mwenye alama kama fuvu mgongoni. Kiwavi wake hula majani ya viazi mviringo, na viazi huku si haba. Akishakua huvamia mizinga usiku kunyonya asali, akijipenyeza katikati ya nyuki kwa sababu mwili wake una harufu inayofanana na yao. Ukimshika analia, “chwii,” kama panya. Wanaomwogopa kwa uchawi siwalaumu sana, ila hang'ati wala hana sumu.

Mwenye hasara ya kweli ni mdogo asiyetisha, yule nondo wa viazi. Hutaga kwenye macho ya kiazi kilichochungulia nje ya udongo au kilichorundikwa stoo, na kiwavi huchimba ndani. Kupandishia tuta vizuri humnyima nafasi.

Na wa nguo? Huyo husingiziwa. Nondo mzima wa nguo hali kitu. Anayetoboa ni kiwavi wake, naye hutaka sufu, manyoya au hariri. Blanketi la poliesta halimhusu. Lile sweta zuri la mtumba, la sufu halisi, ulilolifungia sandukuni likiwa na jasho, ndilo karamu yake.

Kuhusu taa, zamani tuliambiwa nondo anaipenda, au anadhani ni mwezi. Kamera za mwendo wa kasi zimeonyesha jambo jingine: mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu enzi upande wenye mwanga ndio uliokuwa juu, angani. Balbu ikiwa ubavuni, anainama kuipa mgongo, na kwa kuinama huko anajikuta akiizunguka. Zima taa ya baraza robo saa, utaona wengi wameshaondoka, isipokuwa yule ambaye bado anatetemeka ukutani.