Bias sio chuki, na wala sio lazima mtu awe amekula hela

Juzi kwenye steji ya boda hapa Kampala jamaa wawili nusura washikane mashati juu ya mechi, mmoja kasema refa ana bias, mwenzake akaruka, "kwa hiyo unasema kahongwa?" Banange. Neno la Kiingereza tunalitumia kutwa nzima na karibu wote tunalipindisha.

Bias maana yake ya kwanza haina chuki wala rushwa ndani yake, ni mshazari tu. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa karne ya 16, kule ni "biais", kitu kilicholala upande. Wakalipeleka kwenye mchezo wao wa bowls, ule wa kuviringisha matufe kwenye nyasi. Tufe la bowls halijawa duara kamili, upande mmoja umetofautiana kidogo na mwingine, siku hizo walikuwa hata wanalitia madini ya risasi ndani ili lielemee, sasa hata ulisukume limenyooka vipi litakata kona tu, na kadiri mwendo unavyopungua ndio linazidi kupinda. Kupinda huko ndiko bias. Karne hiyohiyo wakaanza kulisema kwa akili ya mtu inayoelemea upande.

Wengine wanadhani bias lazima uwe umekusudia. Wapi! Mizani ya muuza mahindi ikizidisha nusu kilo kila ukipima, hiyo watu wa takwimu wanaiita bias, na upime mara mia nusu kilo haiondoki. Ikizidisha leo na kupunguza kesho hayo ni mengine, yanafidiana. Na sisi wenyewe tuna mizani hizo kichwani, wanasaikolojia Tversky na Kahneman waliandika sana habari hiyo, makala yao ya 1974 inatajwa sana.

Halafu kuna hii inayonikera: eti Kiswahili kina "upendeleo" tu. Upendeleo ni tawi moja la neno, shina lake tunalo, hanamu, yaani mshazari! Kukata hanamu. Nenda soko la Owino ukamwangalie fundi wa cherehani akishona shingo ya gauni. Mimi nilimkuta mama mmoja amekunja kitambaa kona kwa kona, pembe ya nyuzi 45 kabisa, anakata ukanda mwembamba, nikamuuliza mbona unaharibu kitambaa hivyo si ungekata moja kwa moja upate vipande vingi? Akacheka, akanipa vipande viwili, "vuta, ssebo." Kilichokatwa kufuata uzi wa kitambaa kikagoma kabisa, cha hanamu kikanyumbuka kama mpira, ndio maana kinazunguka shingo bila kukunjamana.

Nikamuuliza huo ukanda unaitwaje. "Bayasi," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.