Kihamba Kikiitwa Msitu: Dhana Potofu Kuhusu Zana za Kusaidia Maamuzi ya Mazingira

Ukisimama Moshi mjini asubuhi mawingu yakiwa hayajashuka, utaona ukanda wa kijani unaopanda kutoka vijiji vya Kibosho na Old Moshi hadi mpaka wa hifadhi ya Mlima Kilimanjaro, bila kujua vihamba, yaani mashamba ya Wachaga yenye miti na mazao mchanganyiko kuzunguka nyumba, vinaishia wapi na msitu unaanzia wapi. Setilaiti nayo huona vivyo hivyo, na picha zake ni sehemu ya zana za kusaidia maamuzi ya mazingira: ramani, na modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoiga mwenendo wa maji na ardhi. Kuhusu zana hizi zipo dhana potofu kadhaa.

Wengi huamini kwamba ramani iliyotokana na picha za setilaiti haiwezi kudanganya, kwa kuwa haina ndugu wala chama. Ukweli ni kwamba picha haitaji majina ya vitu. Hupima mwanga unaoakisiwa na ardhi, kisha programu hukisia kila kipande ni cha aina gani kwa kufuata mifano iliyopewa. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ambazo hutumika sana katika kazi hii, zina vipande vya mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, na ndani ya eneo hilo kihamba cha Kichaga kinaweza kubeba mruka, msesewe, mparachichi, migomba, kahawa na magimbi kando ya mfongo (mfereji wa asili wa maji), vyote vikasomwa kama rangi moja. Programu isiyofundishwa kihamba ni kitu gani itakiita msitu. Kosa hilo si dogo, kwa sababu afisa anayekadiria maji yanayotumiwa na mimea, au anayetafuta mahali msitu ulikopungua, ataanza na hesabu iliyokwisha kupinda. Dawa yake ni kwenda shambani na kifaa cha GPS, kuchukua sampuli za kutosha, na kulinganisha kilichoandikwa kwenye ramani na kilichopo ardhini. Ramani isiyoambatana na jedwali la usahihi wake mimi huiweka pembeni, hata ingekuwa na rangi za kupendeza namna gani.

Dhana ya pili husikika mikutanoni: kwamba kompyuta imekwisha kuamua, wananchi waarifiwe tu. Zana hizi haziamui. Nyingi hulinganisha njia mbadala kwa vigezo kadhaa, kila kigezo kikipewa uzani, na uzani huo hutoka kwa watu. Chukua bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopokea maji ya Kikuletwa na Ruvu, lenye mtambo wa umeme wa megawati 8, na ambalo chini yake kipo kinamasi cha Kirua, kilichopungukiwa na mafuriko yake baada ya bwawa kujengwa. Tuseme umeme upewe uzani wa 50, umwagiliaji 30, na uvuvi pamoja na kinamasi 20. Ratiba fulani ya kufungulia maji itashika nafasi ya kwanza. Geuza, kinamasi na uvuvi vipewe 50 na umeme 20, ratiba nyingine inaweza kushinda, ilhali hesabu zote mbili ni sahihi. Mwananchi wa Kirua, basi, anayo haki ya kuuliza ni nani aliyekaa mezani siku uzani ulipopangwa.

Wako pia wanaosema kwamba maji yanayofika baharini yamepotea, na dhana hii huingizwa kimyakimya katika modeli pale mazingira yanapoachiwa salio, baada ya mashamba na mitambo kuchukua mgao wao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haiko hivyo: matumizi ya nyumbani hutangulia, mahitaji ya mazingira hufuata, na shughuli za kiuchumi huja baadaye. Sababu inaonekana kwenye Mto Pangani wenyewe, unaotoka bwawa la Nyumba ya Mungu hadi baharini, ambako mtiririko ukipungua maji ya chumvi hupanda mto na kuharibu mashamba ya kando yake.

Kuhusu gharama sina mengi. Picha za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na QGIS, programu ya kutengeneza ramani, nayo ni ya bure. Kinachogharimu ni muda wa watu na mafuta ya gari la kwenda shambani.

Dhana inayonisumbua kuliko zote ni kwamba modeli ikishafanyika vizuri mara moja, kazi imekwisha. Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika 1987 kwa ushirikiano na Japani, ulileta mavuno ya mpunga ambayo majirani hawakuyazoea. Wakulima walio juu ya mabanio, walipoona faida ile, nao wakaanza kulima mpunga kwa maji ya mito ileile, na mashamba yaliyojengewa mifereji ya saruji yakabaki yakigombea maji. Mafanikio ya mradi ndiyo yaliyobadilisha tarakimu ulizojengewa. Modeli ya bonde la mto inapaswa kufanyiwa hesabu upya kila vibali vya maji vinapoongezeka na kila zao jipya linaposhika kasi, huku wale wanaochota maji bila kibali nao wakihesabiwa, kwa maana mto hautofautishi ndoo yenye kibali na isiyo nacho.