Kabla ya kusema ni uzee, angalieni mzee anavyolala

Sisi wa kliniki za usingizi tunarudishiwa mashine za CPAP, zinazotibu kukatika pumzi usingizini, zikiwa karibu mpya. Maelezo ni yaleyale: "Mzee anasema inamsumbua." Ni kweli inasumbua, hasa wiki za mwanzo. Lakini tujue kinachotibiwa.

Mwenye apnea ya usingizi hukatika pumzi kwa sekunde 10 au zaidi, tena na tena, kwa sababu koo hulegea na kuziba. Oksijeni hushuka, ubongo unamgutusha, kisha anaendelea kukoroma. Asubuhi hakumbuki lolote, isipokuwa kwamba aliamka mara kadhaa kukojoa na kichwa kinamuuma. Saa nne gazeti limeshamdondoka mkononi. Anauliza jambo aliloambiwa muda si mrefu, na familia inasema ni uzee. Kukoroma si ushahidi wa usingizi mnono; tumechoka kulirudia hili.

Kipimo cha usingizi huhesabu pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa. Kati ya 5 na 14 ni hali hafifu, 15 hadi 29 ni ya wastani, 30 na kuendelea ni kali.

Mashine ya CPAP si mtungi wa oksijeni. Inapuliza hewa ya kawaida kwa shinikizo ili koo libaki wazi. Pia huhifadhi kumbukumbu ya saa ilizotumika, kwa hiyo hakuna haja ya kutuambia "anavaa kila siku" wakati inaonyesha dakika 40. Kigezo kinachotumika sana ni angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku. Akiamka na macho makavu, huenda barakoa inavuja kwa juu. Msikaze mikanda hadi pua ichubuke. Huenda saizi si yake.

Kuhusu akili, tuseme kwa tahadhari. Kusinzia mchana hupungua kwa wengi. Umakini na kumbukumbu huimarika kwa baadhi, pengine kidogo tu. Demensia iliyokwisha kuingia haiponi kwa mashine hii, na mwenye nayo atahitaji mtu wa kumvisha barakoa.

Msimpe vidonge vya usingizi bila daktari kujua kuhusu apnea: baadhi hulegeza koo zaidi, na pombe vilevile.

Siku ya kliniki aje na mashine, barakoa, dawa zake zote, na yule anayemsikia akilala.