Je, wajua ramani ya mtandaoni ilijuaje mtaro wa uchochoroni Tandale?

Fungua OpenStreetMap, ile ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha, kisha sogea Dar es Salaam mpaka Tandale. Utaona nyumba moja moja, vichochoro, na mitaro mpaka ile inayopita nyuma ya mabanda. Wengi hudhani setilaiti ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Setilaiti huona mabati tu. Ule mstari mweusi kati ya paa na paa unaweza kuwa njia, mtaro au kivuli cha ukuta, na kutoka angani huwezi kutofautisha.

Waliotofautisha ni watu waliopita kwa miguu. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na vifaa vya GPS wakiwa pamoja na wakazi wenyewe. Desemba mwaka huohuo mvua kubwa ilinyesha jijini, watu wapatao 40 wakapoteza maisha, na familia za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza mradi mpana zaidi, Ramani Huria, uliokusanya Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia. Lengo lilikuwa kuzichora kata zinazofurika.

Kazi huanzia kwenye kompyuta: mchoraji hufuatisha paa na njia kwa kutumia picha za angani, za setilaiti au za droni. Baada ya hapo timu hushuka mitaani na simu, na kila mtaro hujaziwa maelezo yake. Una upana gani na kina gani? Umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu? Umeziba? Maji yake yanaelekea wapi? Hilo la mwisho ndilo zito, maana mtaro unaoishia kwenye ukuta wa mtu haupunguzi mafuriko, unayahamishia kwa jirani.

Ila kwangu mimi droni si kitu cha kushangaza sana katika habari hii. Cha kushangaza ni swali dogo lililoulizwa mlangoni: maji yalifika wapi? Mama mwenye nyumba hasomi sentimita, lakini anakuonyesha mstari wa tope ukutani, au anakwambia yalifika magotini, mwaka ule mwingine kiunoni. Anajua pia ni jirani gani hutapisha choo mvua ikianza. Jibu lake likipimwa na kuwekwa kwenye ramani, kisha likawekwa la nyumba ya pili na ya mia, mpaka wa mafuriko hujichora wenyewe mahali ambapo hapakuwahi kuwa na kipimo chochote cha maji.

Mipaka ya mashina nayo ilipatikana hivyo hivyo, kwa kuuliza. Shina, yaani zile nyumba chache zilizo chini ya mjumbe, ni la mfumo wa chama tawala, CCM. Kiserikali ngazi ya chini kabisa mjini ni mtaa. Hata hivyo msiba ukitokea au mgeni akihamia, mtu wa kwanza kuulizwa ni mjumbe. Mpaka wa shina lake ulikuwa kichwani mwake tu, kwa hiyo ili kuuchora ilibidi aulizwe yeye.

Sasa serikali inapata nini hapo? Kuna programu iitwayo InaSAFE, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya Indonesia. Unaipa eneo linalofurika na ramani ya majengo, nayo inakuhesabia nyumba, shule na barabara zitakazoguswa. Mtendaji wa kata anayekwenda halmashauri kuomba kalavati akiwa na hesabu hiyo hakatishwi tamaa kirahisi kama aliyekwenda na barua ya malalamiko peke yake. Fedha bado ni suala jingine.

Na kwa nini mtandaoni, wakati ramani za karatasi zipo tangu zamani? Karatasi hukaa kwenye kabati la ofisi moja, na aliye na ufunguo ndiye aliye na ramani. Data ya OpenStreetMap inachukuliwa bure na mhandisi, mtu wa Msalaba Mwekundu au mwanafunzi anayeandika tasnifu, na kila badiliko hubaki na kumbukumbu ya akaunti iliyolifanya na tarehe yake. Lakini karatasi haikutupwa: ramani zilichapishwa pia na kupelekwa kwenye kata, kwa sababu kwenye kikao watu kumi hawawezi kuinamia simu moja.

Uwazi huo una upande wa kutia hofu. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bondeni Msimbazi ziliwekwa alama nyekundu ya X na bomoabomoa ikapita. Mtu aliyeshuhudia hayo, akimwona kijana mgeni anapiga picha mtaro wake, ana haki kamili ya kumuuliza katumwa na nani. Kuongozana na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kulikuwa adabu, na ndiko kulikofungua milango. Jina la mwenye nyumba haliandikwi kwenye ramani hii, wala hati yake. Kinachoandikwa ni kwamba hapa pana jengo. Bado, anayepanga kujenga na anayepanga kubomoa wanatazama mistari ileile.

Halafu ramani huzeeka. Mtaro uliokuwa wazi mwaka 2015 leo unaweza kuwa umefunikwa kwa zege na genge la mboga limekaa juu yake. Ukikuta wa kwenu umechorwa pasipo pake, fungua akaunti, bonyeza sehemu ya kuhariri, uusogeze.