Je, wajua kwa nini joto la maji humgeuza gayogayo jike kuwa dume?

Gayogayo ni yule samaki bapa kama wayo wa mguu, alalaye mchangani na macho yote mawili upande mmoja. Hakuzaliwa hivyo. Akiwa kifaranga huogelea wima, jicho huku na jicho huku, hadi moja lihame limfuate mwenzake. Safari hiyo ya jicho ndiyo husimuliwa sana, ila mimi naona kioja kikubwa zaidi kimo tumboni.

Mtazame hirame, gayogayo wa Japani. Kama ilivyo kwa binadamu, jike ana kromosomu XX na dume XY. Vifaranga wa XX wakilelewa kwenye maji ya nyuzi 18 za Selsiasi, huwa majike. Ndugu zao wa XX wakilelewa kwenye nyuzi 27, huota korodani na kuwa madume.

Jeni inayoamua ugomvi huu huitwa cyp19a1. Hubeba maelekezo ya kutengeneza aromatasi, kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni. (Naam, homoni ya kike hutokana na ya kiume!) Tezi changa ya uzazi ikipata estrojeni ya kutosha, hushika njia ya ovari, ikiikosa, huwa korodani. Sasa, joto kali ni mateso kwa kifaranga, na mwili wake hujibu kwa kumwaga kortisoli, homoni ileile inayokupanda wewe ukishikwa na hofu. Kortisoli huinyamazisha cyp19a1. Estrojeni hukauka, na jike wa kuzaliwa anakuwa dume.

Aliyebaki jike huendelea kuitegemea estrojeni hiyohiyo ukubwani. Ubongo huiamuru tezi ya pituitari, pituitari hupeleka homoni ya FSH kwenye ovari, ovari hutoa estrojeni, nayo huliagiza ini litengeneze protini ya kiini cha yai. Homoni nyingine, LH, huyakomaza mayai mwishoni.

Wafugaji hawafurahii madume haya, maana jike hukua haraka na kuwa mkubwa zaidi. Huko China yupo samaki bapa mwingine, mwembamba kama ulimi, ambaye jike wake, kama kuku jike, ana kromosomu ZW badala ya XX. Joto humgeuza naye kuwa dume, tena dume anayezaa. Watoto wake wa ZW, hata wasipoonja maji ya moto, wengi wao hugeuka madume kama baba yao.